Zabibu, Ng'ombe wa Nadhiri

Alhamisi, 6 Juni 1996

Nimepata mjukuu! Wa kike. Nywele hadi shingoni, na sauti ya muadhini.

Khairat kateseka. Tangu jana uchungu unakuja, unaenda, na mimi kwenye benchi la nje nimeubana mkoba kama mtu anayesubiri basi. Daktari akapita mara ya pili bila kunitazama usoni. Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikasimama katikati ya ukumbi wa hospitali nikasema — kwa sauti, si kimoyomoyo kama wanavyofanya watu wenye adabu zao — Mola wangu, mtoe salama mwanangu na kilicho tumboni mwake, natoa ng'ombe kwa watoto wasio na maziwa. Kabla ya arobaini.

Nesi mmoja aliyebeba sinia akasimama. Akaniuliza, "Ng'ombe mzima, mama?" Nikamwambia mzima.

Haukupita muda tukasikia kilio.

Sasa niko nyumbani, nimeoga, nimekunywa chai, akili imerudi mahali pake. Ng'ombe! Mimi nina ng'ombe mmoja tu. Zabibu. Mweusi tii, wa kisasa, kazaliwa hapa hapa uani kwangu, na maziwa yake ndiyo chai ya gesti yangu mwaka mzima. Sasa hivi amepumzishwa, ana mimba kubwa. Ningetaja mbuzi ingekuwaje? Lakini kwa Mungu huendi kusema ulikuwa na maana ya mbuzi.

Basi. Nadhiri ni nadhiri. Mjukuu ni mzuri jamani, hata vidole vya miguu!

Ijumaa, 7 Juni

Mimi sijamwambia mtu. Nesi kamwambia mtu.

Barabara ya Nane nzima imeamka maskini. Jirani wa kushoto, ambaye mwezi uliopita kaezeka mabati mapya, kaja kunieleza kwamba watoto wake hawajui maziwa yana rangi gani. Mwenye duka kanikumbusha kuwa yeye ni yatima. Ana miaka sitini!

Mdogo wangu Abdulkadiri kaja na pikapu yake kumwona mtoto. Yeye mambo yake ni kukata tu. Chinja, anasema, gawa nyama, yaishe. Nikamwambia nilitamka maziwa, na nyama haikamuliwi. Akasema basi pole dada, maana kumpata wa kumpa ng'ombe ni kazi kuliko kumpata ng'ombe mwenyewe.

Nikamcheka. Watu wenye shida wamejaa kila mahali, nitashindwaje?

Jumatano, 12 Juni

Akika leo. Mtoto kaitwa Kuluthumu, jina la marehemu mama yangu. Nimelia, nimecheka, nimekula pilau mpaka nikaona haya. Khairat yuko kitandani anatoa amri tu: mama, uji, mama, pilipili manga, mama, funga dirisha vumbi linaingia. Mpaka arobaini hatoki nje, na mimi ndiye mtumishi wake. Sijapata kufurahia utumwa namna hii.

William wa chumba namba nne — karani wa Bunge, kila kikao hufikia kwangu — kasikia habari ya nadhiri akaweka kijiko chini. "Mama, usitoe kwa huruma," akaniambia. "Fanya assessment kwanza." Anasema tangu mambo yalegezwe mashirika yameota kila kona, mengine ofisi yake ni mkoba wa mwenyewe. Nenda ukaone kwa macho yako, anasema. Uliza nani atakunywa hayo maziwa. Uliza nani atakata majani kiangazi kikikaza. Halafu mtafute aliyekonda kuliko wote, umpe.

Nimelipenda hilo. Na kwenye kuwasoma watu mimi sijambo. Gesti hii imenifundisha: namjua mlipaji na mkimbiaji kabla hajashusha begi.

Jumamosi, 15 Juni

Kaja Mkurugenzi. Geofrey, wa Nuru ya Watoto wa Nyanda za Kati. Gari lina maandishi mlangoni, suti ya kaunda imenyooka, viatu havina vumbi — Dodoma hii, mwezi wa sita, na upepo huu! Sijui kavivusha vipi.

Kaniita Mama Mfadhili. Mimi! Neno hilo nalisikia redioni, nalijua kuwa la Wazungu. Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu: limenikaa vizuri. Nimejikuta nanyoosha shingo.

Akaeleza habari za watoto wa kituo chake, uji wao mkavu, usiku wao wa baridi. Anaeleza vizuri mpaka chai inapoa. Akanialika Jumanne. Jumanne, si kabla, wapate kujiandaa.

Yasinta, mpishi wangu tangu gesti ina vyumba vitatu, si mtu wa maneno. Alipokuja kuondoa vyombo alisema tu kwamba mheshimiwa ana mikono laini.

Jumanne, 18 Juni

Nimerudi. Mbavu zinaniuma kwa kicheko, na kabla ya kicheko nililia. Nianze na kilio.

Kituo kiko nje ya mji, njia ya Iringa. Tulipofika na Abdulkadiri watoto walishapangwa mstari, wanaimba. Nguo zao! Matambara. Shati moja mgongo wote ni hewa. Gauni moja limeshikwa na pini begani. Nikatoa leso. Mkurugenzi akanishika mkono taratibu, kama tuko msibani. Nilikuwa nimebakiza neno moja tu — mchukue, kesho mchukue — nikasema ngoja kwanza niende msalani.

Nyuma ya jengo kuna kamba ya nguo. Magauni mazuri, masafi, yamepigwa pasi, yamepangwa kwenye hanga. Wasichana wawili wamejificha pale kwenye tangi la maji, wanavua matambara upesi upesi. Nikauliza, hizo nguo za nani? Zetu, wakasema. Na hizo mnazovua? "Hizi ni nguo za wageni, bibi."

Nikakaa kwenye ukingo wa tangi. Mimi nimezaliwa mji huu, babu zetu walifika hapa na misafara, nyumba yetu haijawahi kukosa mgeni, na duniani kote nijuavyo mgeni akija mtu hutoa nguo njema sandukuni. Hawa wanatoa matambara sandukuni!

Nilipomkabili Mkurugenzi hakuona haya. Kasema mfadhili akiwaona watoto wamependeza hatoi. Alishajaribu. Na akaongeza kwamba ng'ombe atahitaji mratibu, na mratibu atahitaji pikipiki, kwa hiyo kama ningeweza kufikiria na hilo. Nikamwuliza hiyo pikipiki inakamuliwa saa ngapi.

Haki lazima isemwe: watoto wale wamenona. Wanakula, wanasoma, wanacheka. Sikuweza hata kumchukia mtu yule. Lakini Zabibu, hapana.

Njiani nikamsimulia Abdulkadiri habari ya nguo za wageni. Ikabidi aegeshe gari pembeni, hakuona barabara kwa machozi.

Alhamisi, 20 Juni

Leo wamekuja watu wa kupanda miti. Wanataka ng'ombe. Nikauliza wa nini. Samadi.

Jumatatu, 24 Juni

Abdulkadiri karudi na mbuzi wake wa mnada wa Chemba, kaja na habari. Kuna kikundi cha akina mama huko. Hakina kibao, hakina jina refu. Ni nyumba kadhaa tu, kila moja imechukua mtoto mmoja au wawili walioachwa na ndugu waliofariki, inawalea pamoja na wake. Mkubwa wao anaitwa Mama Gaudence. Mdogo wangu kawaambia tutafika Alhamisi, dada yake anatafuta mahali pa kutoa ng'ombe wa maziwa. Nikamlaumu, kwa nini kawaambia? Akasema, huwezi kumwendea mtu nyumbani bila kumpa habari, sisi si polisi.

Nimekubali. Chemba si karibu, lakini nimechoka na watu wa mjini.

Yasinta kaomba ruhusa mpaka Jumamosi. Dada yake ana ugeni mkubwa. Nikajua ni yule wa Chang'ombe. Halafu akasimama pale mlangoni, anakunja aproni, anakunjua. Mwisho kasema: wangeweza kuazima vile vikombe? Vile vikombe! Sita, vyenye ukingo wa dhahabu, marehemu mume wangu alinunua Mombasa mwaka tuliooana. Havitoki kabatini ila kwa mbunge.

Nimempa. Siku hizi siwezi kumnyima mtu kitu, mjukuu kanilainisha.

Alhamisi, 27 Juni

Tumeondoka alfajiri, baridi inauma, tumekula vumbi la njia ya Kondoa mpaka nyusi zikawa nyekundu. Tumefika Chemba jua limeshapanda.

Mapokezi! Ua umefagiwa, mistari ya fagio imenyooka. Akina mama wote kanga za kufanana, mpya, bado zinanukia duka. Watoto wamepakwa mafuta, wanang'aa. Wakaniimbia. Mfadhili, Mfadhili, na vigelegele. Wakaniketisha kwenye kiti chenye mto wa kufumwa.

Mara wali. Wali! Mimi niliambiwa huku ni ugali wa uwele na mlenda. Mara kuku, jogoo zima, limetapakaa mchuzi. Mara chai — na chai imekuja kwenye vikombe vyenye ukingo wa dhahabu! Kama vyangu vile vile. Hata kimoja kina ufa karibu na mkono, mahali pale pale penye ufa wangu. Kiwanda kile kinafanya kazi mbovu, tangu Mombasa mpaka Chemba wamewauzia watu vikombe vyenye ufa.

Mama Gaudence ni mrefu, mtulivu, mikono migumu. Nikamwuliza maswali ya William. Nani atakunywa? Watoto. Nani atakata majani? Sisi. Kisha nikamwuliza la kwangu: mna shida gani hapa? Akatazama wenzake. "Tunamshukuru Mungu, Mama Mfadhili." Ndiyo basi! Nikasubiri. Nikarudia swali kwa njia ya kuzunguka. Wakashukuru tena.

Nimewatazama watoto mmoja mmoja nikimtafuta aliyekonda. Sikumwona. Wote wanameta.

Njiani kurudi nikamwambia Abdulkadiri hawa wana nafuu kuliko mimi. Mimi mwenyewe jogoo nachinja Iddi kwa Iddi. Yeye alikula sahani mbili; akasema hana la kusema, ameshiba.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeamua: Chemba hapana. Ni watu wazuri, adabu yao haina mfano, lakini nadhiri yangu ni ya wasio nacho.

Basi nani? Kila mwenye njaa anapanga foleni na mwenye shibe kamtangulia. Nimekwenda kukaa na Zabibu bandani. Tumbo limeshuka. Kaniwekea kidevu begani, pumzi yake ina joto, nikamwambia wewe una bahati, hakuna anayekuuliza unastahili nini.

Kuluthumu kacheka leo. Khairat anasema ni gesi. Najua kicheko mimi.

Yasinta karudi jioni na kikapu, kaingia jikoni moja kwa moja, hakunitazama.

Jumapili, 30 Juni

Nina aibu, nina furaha, sijui nianze na ipi.

Asubuhi nikafungua kikapu nirudishe vikombe kabatini. Vimeoshwa, vimefungwa kwa kitambaa kimoja kimoja. Kitambaa kinanuka ufuta. Nikashika chenye ufa. Nikakigeuza. Na kwenye ule ufa, ndani kabisa ambako maji hayafiki, kuna vumbi jekundu.

Nikakaa chini, sakafuni, mwili wangu huu. Kiwanda kazi mbovu! Mimi ndiye kazi mbovu. Nimekunywa chai kwenye kikombe changu mwenyewe, nilichopewa na mume wangu mwenyewe, nikasema hawa ni matajiri!

Nikamwita Yasinta. Akaja, akaona nilichoshika, akainama. Mama Gaudence ni dada yake, mzaliwa wa kwanza kwao. Wali umetoka nyumba tatu. Kanga wameazima madukani na kwa mabibi harusi watarajiwa, zimerudishwa siku ile ile. Kiti cha mwalimu. Mto wa padri. Jogoo lilikuwa la mwisho. Ndiyo maana! Siku nzima pale uani sikusikia kuku hata mmoja akilia, na mimi mwenye macho sikujiuliza. Tulipoondoka watoto walisongewa ugali kama kawaida.

Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia ni dada yako? Kajibu taratibu. "Ningekwambia, ungempa kwa sababu yangu."

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Khairat kapiga kelele kutoka chumbani anataka kujua kuna nini. Nikampelekea kikombe na habari yote. Naye kacheka mpaka mtoto akaamka. Watoto wa kituo wamevaa matambara ya wageni, na hawa wamevaa mapya ya kuazima, na mimi, Stara, bingwa wa kuwasoma watu, nimekosa kote kuwili!

Jumanne, 2 Julai

Leo nimekwenda Chemba bila kutoa habari. Abdulkadiri alinionya. Sikusikia, nilikuwa na moto wa kutoa.

Tumemkuta Mama Gaudence anatwanga uwele, kanga imepauka, watoto wamemzunguka na vumbi lao. Alituona, akaweka mchi chini, akaingia ndani. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka amevaa kanga nyingine, na uso umefungwa. Nikajua nimekosa. Nimekwenda kumfumania mtu kwenye shida zake. Nikamwomba radhi kabla ya salamu.

Nikamweleza yote, vikombe na ufa. Akatabasamu kidogo nilipofika kwenye ufa. Kisha nikasema Zabibu ni wenu, nitamleta wiki hii. Nilitegemea vigelegele. Akatikisa kichwa.

"Kwetu ng'ombe hatupewi hivyo," akasema. "Kwetu ng'ombe anawekwa. Unamweka kwangu, namlisha, watoto wanakunywa, ndama jike wa kwanza anarudi kwako. Hapo mimi na wewe tumekuwa ndugu. Ukiniachia bure ukaenda zako, mimi nakuwa nani kwako?"

Nikamwambia huyu ni wa nadhiri. Nikishamtoa kwa ajili ya Mungu hakuna kitakachorudi uani kwangu, hata kwato. Ndama akirudi nimekula nadhiri yangu.

Akafikiri. Akasema basi yeye akimpokea bure amekuwa ombaomba, na mimi nikipokea ndama nimekuwa mwizi wa Mungu. Kisha akacheka — kumbe anacheka vizuri! — akasema, "Tumekwama wote wawili." Akanimiminia uji wa uwele kwenye kibuyu. Hauna maziwa, hauna sukari. Nimekunywa viwili.

Na nimemwona aliyekonda kuliko wote. Shingo nyembamba, macho makubwa, anakaa nyuma ya wenzake. Alikuwepo siku ile pia, mstari wa nyuma, amepakwa mafuta.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa shehe baada ya swala. Yeye kwa maneno yake: kilichotolewa kwa Mungu hakimrudii mtoaji. Akaongeza kwamba miaka yote watu humjia kuuliza namna ya kukwepa nadhiri. Mimi ni wa kwanza kuja kulalamika kwamba mpokeaji hataki. Akacheka mpaka akavua miwani.

Namtaka Mama Gaudence. Simtaki mwingine. Nimekataa leo watu wawili wenye vibao, bila hata kuwakaribisha chai.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mji umejaa muziki. Zabibu anakula kama mwenye hasira.

Jumatano, 10 Julai

Khairat kapata wazo akiwa ananyonyesha. Ndama jike wa kwanza arudishwe, ndiyo, lakini si kwangu: aende nyumba nyingine ya kikundi, na wa nyumba ile aende nyingine. Mama Gaudence amelipa, mimi sijala nadhiri. Nikambusu kipajini. Mwanangu ana akili, kaitoa kwa nani sijui.

Yasinta akampa dereva wa basi la Kondoa barua ampelekee dada yake. Jibu limekuja jioni hii hii, na yai moja limefungwa kwenye pamba. Mama Gaudence anasema wazo ni zuri. Lakini ndama akienda nyumba nyingine, ndugu yake atakuwa mwenye nyumba ile. Anauliza: Bi Stara atabaki wapi?

Nimesoma, nimesoma tena. Mtu hajala mezani kwangu hata siku moja, na anahangaika nitabaki wapi! Tangu marehemu afariki, ni nani mwingine kauliza hivyo?

Nimewaalika arobaini. Wote, na watoto. Nadhiri yangu inaisha siku ile, kwa hiyo Zabibu ataondoka nao, tumepatana hatukupatana.

Jumapili, 14 Julai

Wamefika kwa lori la ufuta! Akina mama, watoto, mabunda. Wageni wa gesti wamebanwa wawili wawili; William kajitolea kulala kwenye kochi, anasema ni sehemu ya assessment.

Mama Gaudence kaniletea karanga, ufuta, na jogoo hai. Kaliazima? Nikamwuliza kwa jicho. Kajibu kwa mdomo kwamba hili limenunuliwa. Linawika saa zisizo zake, mbunge wa chumba namba moja kashalalamika.

Nimetoa vikombe sita. Yasinta kamkaribisha dada yake chai, na nimemwona Mama Gaudence akikigeuza kile chenye ufa, anakitazama kama mtu anayekutana na mtu anayemfahamu. Amenitazama. Tumecheka mpaka wengine wakatuuliza kulikoni.

Aliyekonda anaitwa Ruthu. Amelala na kichwa kwenye paja langu wakati wa chakula. Ni mwepesi mno.

Ya ndama hatujayafikia. Kila nikianza, yeye anasema kesho. Nami kesho ndiyo mwisho wangu.

Jumatatu, 15 Julai

Naandika hivi hivi, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na gauni langu la hariri, daftari juu ya goti. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Kuluthumu kaogeshwa, katolewa nje, kaonyeshwa jua, kapiga chafya. Vigelegele vya Chemba vimefunika vya kwetu. Pilau tayari. Nikasema sasa kabla watu hawajala, niitimize nadhiri. Nikamtoa Zabibu bandani, nimemfunga utepe. Watu wote uani, nguo njema kila mahali, na leo hakuna ya kuazima, Yasinta kaniapia.

Nikamnyooshea Mama Gaudence kamba. Nikasema kwa ajili ya Mungu. Yeye akaishika, lakini akasema neno moja kwanza, mama, ya ndama. Nikasema baada ya kula. Akasema sasa. Basi tumesimama pale, kamba iko mikononi mwetu wote wawili, mimi sijaiachia, yeye hajaivuta — na Zabibu akapiga magoti. Akalala. Katikati ya mkeka wa wageni! Maji yakamwagika kwenye viatu vya William.

Anazaa. Leo. Kabla ya siku zake!

Daktari wa mifugo yuko mnadani. Abdulkadiri anauliza, nadhiri ilikuwa ng'ombe mmoja, huyu wa pili wa nani? William anasema kisheria inategemea kamba ilikuwa ya nani kwa dakika ile. Shehe, aliyealikwa kwa pilau, anasema yeye kwanza aone anayetoka. Jirani wa mabati mapya anasema kama kuna ubishi yeye yupo. Hakuna anayekula. Khairat kaketi na mtoto mlangoni, siku yake ya kwanza nje, na hakuna anayemwangalia. Anacheka peke yake.

Mama Gaudence ameshavua kanga ya juu, kampa Ruthu aishike, kapandisha mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. Kasema akiwa dume, hakuna deni, tutapatana leo leo. Akiwa jike tutagombana mpaka tuzeeke. Nilimjibu mimi niko tayari kuzeeka.

Kwato mbili zimeonekana. Nyeupe, ndogo, kama vikombe vimefunikwa. Zabibu anakoroma. Kwato zimerudi ndani. Zimetoka tena.

Sijui ninaomba nini. Dume, mambo yaishe? Jike, yasiishe? Naona mdomo wangu unasema jike.

Ananiita. Amenipungia mkono wenye povu, hana subira. "Dada Stara, acha hiyo kalamu, njoo ushike mguu huu."

Hakusema Mfadhili. Kaniita dada, mbele ya watu wote, na ndama bado hajatoka. Gauni hili la hariri halitafuliwa likatakata tena. Naenda.